Kitenzi “quedar” na maneno 11 ya Kiingereza yaliyonipoteza

Ninalo daftari dogo la jalada la buluu nililolinunua wiki ya kwanza nilipofika Salamanca, Uhispania, kusoma shahada ya uzamili, na ukurasa wake wa tatu wote umeliwa na neno moja. Kushoto nimeandika kitenzi cha Kihispania, “quedar”, na kulia, kwa wino uliobadilika rangi kila nilipokutana na maana mpya, nimepanga maneno ya Kiingereza: “stay”, “remain”, “be left”, “meet”, “agree”, “be”, “fit”, “suit”, “keep”, “become”, “turn out”. Kamusi niliyotoka nayo Mombasa ilikuwa ya Kihispania na Kiingereza, nami kwa kuwa nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni sikuona ajabu kuipita njia hiyo. Kila neno nililipeleka Uingereza kwanza, ndipo nikalirudisha nyumbani. Maneno hayo 11 hayakuwa na kosa na kamusi ilisema kweli, lakini yalinifanya niamini kwamba Wahispania wana kitenzi kimoja kilichovurugika, kilichobebeshwa kazi za vitenzi 11, na kwamba dawa yake ni kukariri tu.

Aibu ya kwanza niliipata mwezi wa Oktoba. Nilimwalika msichana tuliyesoma naye darasa moja, mwenyeji wa Valladolid, aje kwangu jioni tunywe chai ya tangawizi kwa chapati. Akanijibu kwa tabasamu: “No puedo, he quedado.” Sehemu ya kwanza niliijua, kwamba hawezi. Sehemu ya pili niliitafuta kichwani nikapata “I have stayed”, nikaigeuza Kiswahili ikawa “nimebaki”. Siwezi, nimebaki. Amebaki wapi, na kwa nini mtu akatae chai kwa sababu amebaki? Nikakata shauri kwamba amebaki bwenini na kazi za darasani, maskini, nikamwambia basi akae tu, nitamletea. Alicheka, nami nikadhani amefurahi. Saa moja usiku nilikuwa mlangoni pa bweni lake na chupa ya chai na chapati sita zilizofungwa kwa kitambaa, na bawabu akanieleza kwa upole kwamba binti huyo alitoka saa nzima iliyopita, amejipamba, na hakusema atarudi saa ngapi. Nilikaa kwenye ngazi nikala chapati mbili. Zilizobaki nilimwachia bawabu.

Nchini Uhispania “quedar” ni kupatana na mtu juu ya mahali na saa ya kukutana, na ukisema “he quedado” bila kuongeza neno lolote, maana yake ni kwamba umekwisha kuahidiana na mtu mwingine na saa hiyo si yako tena. Kiingereza hulazimika kusema jambo jingine kabisa, “I'm meeting someone” au “I've got plans”, na katika maneno hayo hakuna hata harufu ya kubaki. Sisi tuna “nina miadi”, inayokaribia. Ukitaka kumtaja mtu unaweka “con”, saa unaweka “a”, na mahali unaweka “en”: “He quedado con Marta a las nueve en la plaza.” Pale Salamanca mahali penyewe wala hapahitaji maelezo. Plaza Mayor, uwanja uliojengwa kati ya 1729 na 1755 na kuzungukwa pande zote na baraza za matao ya mawe ya rangi ya asali, una saa kubwa juu ya jengo la manispaa, na desturi ya wenyeji ni kupatana chini yake, “debajo del reloj”. Jioni ya Ijumaa unakuta watu wamejazana hapo wakiwa wamesimama, kila mmoja akimtafuta wake kwa macho, na walio kwenye simu wote wanatoa lawama moja: “Habíamos quedado a las nueve”, tulipatana saa tatu, mbona hujafika?

Kihusishi hicho hicho “en” kikifuatwa na kitenzi, maana inahama kidogo: “quedé en llamarte” ni “niliahidi kukupigia simu”, au kwa usahihi zaidi, tuliachana kwa maelewano kwamba nitakupigia. Mwenzetu mmoja darasani, kijana wa Medellín nchini Colombia, alikuwa akisema “quedé de llamarte”, na mwalimu alimwacha, kwa kuwa “de” hiyo ndiyo inayosemwa sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini. Halafu kuna swali “¿en qué quedamos?”, ambalo huulizwa kwa wema mwisho wa kikao ili kujua kilichokubaliwa, na huulizwa kwa ukali mtu anapogeuka maneno, asubuhi anasema ndiyo na jioni anasema hapana. Nilipolisikia kwa mara ya kwanza katika hali hiyo ya pili, mwenye kuuliza akiwa ameshika kiuno, halikunihitaji kamusi. Kwetu huyo angesema: “Sasa tushike lipi?”

Asili ya kitenzi hiki ni neno la Kilatini “quietare”, kutuliza, lililotokana na “quietus”, yaani kilichotulia. Shina hilo ndilo lililokizalia Kihispania “quieto”, neno analoambiwa mtoto au mbwa asiyetulia, na pia “quedo”, linalosemwa juu ya sauti ya chini. Kiingereza nacho kilirithi “quiet” na “quit” kutoka tumbo hilo hilo kwa kupitia Ufaransa. Habari za asili ya maneno mara nyingi ni pambo tu, lakini hii ilinisaidia kuupanga upya ukurasa wangu. Pesa iliyobaki ni ile iliyotulia mfukoni baada ya nyingine kwenda zake. Miadi ni pale mazungumzo yalipotulia. Mahali mji ulipo ndipo ulipotulia. Na nguo iliyokufaa ni ile iliyotulia mwilini. Katika hili la mwisho vijana wa Dar es Salaam wamekutana na Warumi bila kuonana nao, maana kwao suti nzuri “imetulia”.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa katika kijiji cha mkoa wa Zamora, kaskazini ya Salamanca. Ninayoyajua juu ya “quedar” mengi niliyapata jikoni kwake kuliko darasani. Kila nikiingia alikuwa akinitangazia hali ya sufuria: “Quedan lentejas”, zimebaki dengu, au “queda sopa”, imebaki supu, au kwa huzuni, “no queda pan”, mkate umekwisha. Hapo kwenye kukanusha lugha zetu zinaachana njia, kwa sababu Mhispania hukanusha kubaki, ilhali sisi tunapenda kusema kwamba kitu kimekwisha. Lakini mahali penye kukubali, nilikuta jambo ambalo hadi leo linanishangaza kwamba sikuliona mapema.

Ichukue sentensi “me quedan veinte euros”. Kiingereza hakina namna nyepesi ya kuisema bila kuipindua: “I have twenty euros left”, mtu kwanza, kisha kumiliki, kisha pesa, na kule kubaki kunaning'inia mwishoni kama mkia. Wenzangu waliotoka Uingereza na Marekani walihangaika na mpangilio huu majuma mawili, wakiandika “yo quedo” hapa na pale, na mimi nikahangaika pamoja nao, nikikosea makosa yao kana kwamba nimezaliwa Manchester. Kumbe nilikuwa na “zimenibakia euro ishirini” mdomoni tangu utotoni. Iangalie vizuri. “Zi-” ni zile euro, ndizo zinazobaki, kama vile mwisho wa “quedan” unavyofuata wingi wa pesa na si mimi niliyezishika. “-ni-” ni mimi, nami sitendi lolote, ninatendewa tu, na hiyo ndiyo “me” ya Kihispania. Kisha “bakia”, kwa ile kauli ya kutendea, inaonyesha kwamba kule kubaki kumeelekea kwangu. Ikibaki noti moja, Mhispania anabadilisha kitenzi na kusema “me queda un billete”, nasi tunabadilisha chetu kwa sababu ile ile: imenibakia noti moja. Yakimhusu mwingine, “le quedan” ni zimembakia, na yakituhusu sote, “nos quedan” ni zimetubakia. Magazeti yetu hupenda zaidi “zimesalia siku mbili”, na huko nako mambo hayabadiliki, kwa kuwa kusalia kumetoka kwenye kusaa, kitenzi cha zamani ambacho siku hizi tunakikuta zaidi katika kusaza na masazo. Tofauti ninayoiona ni ya wakati tu. Wao husema kwa wakati uliopo, sisi kwa “-me-”, maana kwetu kubaki ni jambo lililokwisha kutokea na ambalo hali yake bado ipo.

Mwezi wa Novemba baridi ilianza kuuma. Salamanca imeinuka mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Mombasa hawezi kuumaliza mwaka huko kwa sweta mbili. Nikaenda mtaa wa Toro, wenye maduka mengi ya nguo, na nilipovaa koti la tatu muuzaji alirudi nyuma hatua mbili, akaliangalia, akasema: “Te queda muy bien, pero las mangas te quedan largas.” Kamusi yangu ilinitaka nichague. Ikiwa ni vipimo, neno la Kiingereza ni “fit”; ikiwa ni kupendeza, ni “suit”; na mikono mirefu haikupewa lolote kati ya hayo, ikaangukia “are too long”. Nilikuwa bado nachagua nilipojiona kwenye kioo, na nikasikia sauti ya mama.

Mama yangu ni fundi wa nguo, anashona Kibokoni katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mteja akija kupima, mama humzungusha mbele ya kioo huku ameshika pini tatu nne kwa midomo, na kwa sababu ya pini hizo hawezi kusema mengi. Akiridhika husema “limekukaa”. Asiporidhika husema “halijakukaa, vua”. Sijapata kumwona mteja akimuuliza kama anazungumzia vipimo au uzuri, kwa kuwa gauni lililomkaa mtu limemtosha na limempendeza kwa pamoja, na ukitaka kutenganisha, maneno ya kutenganisha yapo. Kukaa ni kuketi, ni kuishi mahali, ni kudumu, ni kutulia, na ni nguo kupatana na mwili. Lile koti lilikuwa limenikaa, isipokuwa mikono. Nikalinunua, na usiku ule nikafungua ukurasa wa tatu na kuandika ukingoni, kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza: kaa. Chini yake nikaandika: baki. Bibi aliponiona nalo asubuhi alisema “te queda que ni pintado”, hata lingechorwa lisingenikaa vile, na nilimwelewa bila kuvuka mlango wa tatu.

Nguo ikipwaya ni “me queda grande”, na hapa Mkolombia wetu alinipa zawadi. Kwao si koti peke yake linaloweza kumpwaya mtu. Kazi nayo hupwaya, cheo nacho hupwaya. “El puesto le quedó grande”, cheo kilimpwaya. Kiingereza husema “he wasn't up to the job”, nayo ni sawa, lakini nguo imetoweka, na utamu umekwenda nayo.

Kitenzi hiki kikivaa “se” mwishoni kikawa “quedarse”, kinaelekea kwa mtu mwenyewe, aliyebaki kwa hiari yake au aliyeshikilia kitu. “Me quedo” ni nabaki. “Quedarse con” ni kubaki na kitu, ndiyo maana dereva wa teksi huambiwa “quédese con la vuelta”, baki na chenji, na hapo Mwingereza hutumia “keep”. Hapo pia ndipo inapotoka “become”, maana iliyonisumbua kuliko zote. Kihispania hakina kitenzi kimoja cha kuwa hivi baada ya kuwa vile. Kazi hiyo imegawanywa kwa vitenzi kadhaa, na fungu la “quedarse” ni yale mabadiliko yanayomwacha mtu katika hali fulani, mara nyingi baada ya kupungukiwa na kitu. Bibi alinieleza habari zake kwa maneno manne, “me quedé viuda joven”, na Kiingereza changu kiliniletea “I was widowed young”, sentensi iliyonyooka na baridi kama ya karani. Kiswahili kiliileta ilivyo: nilibaki mjane nikiwa bado kijana. Mtoto hubaki yatima, mtu hubaki bila kazi, “se quedó huérfano”, “se quedó sin trabajo”, na katika kila sentensi kuna aliyeondoka au kilichoondoka, na kuna aliyeachwa amesimama pale pale. Mtu aliyeduwaa naye hubaki mdomo wazi, kwao na kwetu: “se quedó con la boca abierta”.

Isije ikadhaniwa kwamba kubaki kunafika kila mahali. Aliyepofuka “se quedó ciego”, lakini sisi tuna kitenzi chake na hatuhitaji kubaki. Mwanamke aliyeshika mimba “se quedó embarazada”, na kwa Kiswahili ukisema mwanamke amebaki na mimba, msikilizaji atafahamu kwamba mwenye mimba hiyo ametoroka. Kuhusu usingizi, lugha tatu zimetawanyika kabisa: Mwingereza huanguka usingizini, Mhispania “se queda dormido”, anabaki amelala, na sisi tumekaa zetu usingizi unatupitia. Upo pia msemo ambao sitaki kuutafsiri, “quedarse para vestir santos”, unaosemwa juu ya mwanamke aliyepita umri wa kuolewa, kana kwamba kazi iliyobaki kwake ni kuvalisha sanamu za watakatifu kanisani. Meksiko hufupisha na kumwita “quedada”. Shangazi zangu wangeupenda, na hiyo ndiyo sababu siwaambii.

Kwa mahali sitakaa sana. “¿Dónde queda la estación?” ni kuuliza kituo kiko wapi, na Mkolombia wetu aliuliza hivyo kila siku, ilhali Wahispania niliowasikia walichanganya na njia nyingine. La kukumbuka ni kwamba huulizwa kwa vitu visivyohama, kama miji, nyumba na maduka. Funguo zilizopotea haziulizwi kwa neno hili.

Matokeo nayo huja kwa kitenzi hiki. Bibi hakupenda mpira, lakini mechi moja aliikumbuka kwa fahari, ile fainali ya Kombe la Dunia ya 11 Julai 2010 kule Johannesburg, Uhispania na Uholanzi, iliyoamuliwa na Andrés Iniesta dakika ya 116. “Quedó uno a cero”, aliniambia, iliisha moja bila, na akanitazama kama kwamba mimi kwa kutoka Afrika nilikuwa na mkono katika jambo hilo. Chapati zangu alizionja siku nyingine na kusema “te han quedado muy ricas”. Kiingereza kinaleta “turned out”, na sisi tungesema zimetoka vizuri. Siku nyingine akienda kumtembelea jirani alibeba kisanduku cha vikeki, “para quedar bien”. Hili ndilo fungu ambalo Kiingereza hukimbilia maelezo marefu, “to make a good impression”, na Kiswahili nacho hutafuta mzunguko: ili tuonekane watu wa maana, ili tusije tukaumbuka. Kuumbuka ndiyo “quedar mal” hasa. Kinyume chake, kwa neno moja, sijakipata.

Na bado nilikuwa sijamaliza kuumbuka. Usiku mmoja wa Desemba tulikuwa tumeketi karibu na hita, bibi amejifunika blanketi, nami nikamweleza kwamba nyumbani kwetu mwezi huo tunalala bila shuka na feni inazunguka usiku kucha. Akanikazia macho, akauliza: “¿Te estás quedando conmigo?” Nilisikia “quedando”, nikasikia “conmigo”, nikaunganisha haraka, unakaa na mimi? Swali la ajabu, lakini pengine alitaka kujua mipango ya kodi. Nikamjibu kwa adabu: “Sí, señora, hasta junio.” Ndiyo, bibi, mpaka Juni. Alicheka hadi akavua miwani. “Quedarse con alguien” kwa Mhispania ni kumfanyia mtu mzaha, na swali lake lilikuwa: unanitania?

Lakini aliyenifunza zaidi alinifunza kwa kosa, kama lilikuwa kosa. Mchana mmoja nilisikia naitwa kutoka barabarani, nikafungua dirisha la ghorofa ya pili, na bibi alikuwa chini ameshika mfuko wa soko, akipaza sauti: “¡Que he quedado las llaves en la mesa!” Funguo zilikuwa mezani kweli. Nikazitia ndani ya soksi, nikaifunga, nikaidondosha, akaidaka kwa aproni. Nilipoandika sentensi ile katika zoezi la darasani mwalimu aliikata kwa wino mwekundu na kuandika “he dejado”, kwani kuacha ni “dejar”, na “quedar” kwa Kihispania sanifu hakipokei shamirisho namna hiyo. Real Academia Española, chombo kilichoanzishwa 1713 kusimamia lugha hiyo, haiyakubali matumizi haya katika lugha ya waliosoma. Lakini magharibi ya Uhispania, huko Zamora, Salamanca, León na Extremadura, watu wanayasema, na bibi aliyasema siku zote za maisha yake.

Mimi nimesimama upande wa bibi. Kubaki na kuacha ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili: mimi nimeacha, kitu kimebaki. Kiingereza chenyewe, kilichonisumbua kwa maneno 11, kinakiri hivyo bila kujua, maana hiyo “left” ya “twenty euros left” imetokana na “leave”, kuacha. Kwa Mwingereza kila kilichobaki ni kilichoachwa. Kiswahili kinatenganisha kwa silabi moja tu, kubaki na kubakisha, kusaa na kusaza. Bibi hakuwa na silabi hiyo, akatumia kitenzi kimoja kwa pande zote mbili. Mkolombia naye alikuwa na njia ya tatu ambayo naiona ya kistaarabu kuliko zote: “se me quedaron las llaves”, funguo zimenibakia nyumbani, funguo zenyewe ndizo zilizoamua kubaki, na mwenyewe hana hatia.

Nilikuwa nimerudi Mombasa ilipofika 2020. Uhispania ilitangaza hali ya tahadhari tarehe 14 Machi, na kwetu kafyu ilianza tarehe 27 ya mwezi huo huo, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Bibi alinipigia simu mara mbili katika majuma hayo, na kila mara alimalizia kwa maneno yaliyokuwa yamebandikwa kila mahali huko kwao, “quédate en casa, hija”, kaa nyumbani, mwanangu. Nilipomweleza juu ya kafyu alinipa neno lao, “toque de queda”, na nikaona ni yule yule amerudi. “Toque” ni mlio wa kengele, na “queda” ilikuwa saa ya usiku ambayo kengele iliwatangazia watu watulie majumbani mwao. “Curfew” ya Kiingereza, ambayo sisi tumeifanya kafyu, imetoka kwenye Kifaransa cha zamani na ilikuwa amri ya kufunika moto. Mwingereza aliambiwa azime, Mhispania aliambiwa atulie. Mwishoni mwa Oktoba bibi akapiga tena kuniambia kwamba sasa na wao wanayo.

Ukurasa wa tatu bado upo jinsi ulivyokuwa, pamoja na maneno yake 11, na pale ukingoni kaa na baki. Kinachonishinda ni kile cha kwanza kabisa, kile cha ngazi za bwenini. “No puedo, he quedado” haisemi ni nani, haisemi wapi, na hakuna Mhispania niliyemsikia akidai kuelezwa zaidi. Kitenzi kimefunga mlango kwa upole. Nimejaribu kukileta nyumbani. Jumamosi iliyopita mama alikuwa na gauni tano za harusi zinazongoja kupindwa, akaniita nikae naye jioni. Nikasema: “Leo siwezi, mama, nina miadi.” Aliacha kukanyaga cherehani, akazitoa pini midomoni moja baada ya moja, akazichomeka kwenye kijito chake cha pini, akaniuliza: “Na nani?”